Mlingoti Agoma Kujikunja

Watu huficha mengi: umri, maradhi, hata wapenzi. Mwanamke huyu alikuwa akificha urefu. Aliuficha tangu utotoni, na kama mwizi aliyezoea, hakujua tena kwamba anaficha. Mabega aliyavuta mbele, shingo akaiingiza ndani kama kobe aliyesikia nyayo, goti moja akalilegeza, na popote aliposimama alitafuta kitu cha kuegemea: ukuta, nguzo, mwimo wa mlango. Hata hivyo hakuna mtu mtaani aliyemfikia. Urefu si pua, huwezi kuufunika kwa kiganja. Shuleni walimwita Mlingoti, na jina likamfuata hadi kazini, hadi ndoani, hadi kwa muuza sabuni wa kona.

Aliyemfundisha kujikunja ni shangazi yake, ndiye aliyemlea, na hakufanya kwa ubaya. Binti alipovunja ungo na kuanza kurefuka kila uchao, shangazi alimwita chumbani, akamsimamisha mbele ya kioo, akambonyeza mabega kwa mikono miwili kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi.

"Jikunje, mwanangu," alimwambia. "Mwanamume hapendi kumtazama mkewe kama anayetafuta mwezi. Jikunje sasa, ukichelewa hutaweza. Samaki mkunje angali mbichi."

Basi akakunjwa angali mbichi, akakauka vivyo hivyo.

Mume alimpata. Alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na vidole vyepesi, ambaye kichwa chake kilimfikia Mlingoti begani. Walipendana, tena kweli. Lakini kila walipotoka pamoja, Fundi alipanda juu ya ukingo wa barabara, mkewe akateremka chini yake, wakaenda hivyo mpaka mwisho wa safari, na hapakuwa na aliyewahi kumwambia mwenzake kwa nini.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, ambako mabomba ya maji moto hupita darini na mashuka hayaishi. Juu wageni walilala. Huku chini usingizi wao ulipigwa pasi. Meza ilitengenezwa kwa mtu wa kimo cha kawaida. Mlingoti aliifikia kwa kujipinda kama ndoana, asubuhi hadi jioni, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka siku mgongo uliposema basi.

Aliinama kuokota kikapu cha foronya, akabaki huko huko. Hakuanguka. Alibaki ameinama, mikono ikining'inia, macho yakitazama vigae vya sakafu. Mwenzake wa mezani, mwanamke mfupi aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake ulifunguka pamoja na mlango wa kazi na kufungwa nao, alidhani anatafuta kitu.

"Umeangusha pete?"

"Nimeangusha mgongo," akajibu Mlingoti kutoka chini.

Wakamkokota hadi kliniki akiwa amepinda vilevile. Akachomwa sindano, akalazwa, akapumzishwa. Alipoweza kutembea, akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, msichana mwenye miwani na mikono ya baridi.

"Simama," msichana akamwambia.

"Si nimesimama."

"Hapana, dada. Hapo umetundikwa. Simama."

Akamwelekeza pole pole, akianzia chini kama mjenzi wa ukuta. Nyayo zote mbili zikae sakafuni, uzito usilalie visigino wala vidole. Magoti yanyooke, lakini yasikazwe. Tumbo livutwe ndani kidogo. Mabega yapande mpaka masikioni, yarudi nyuma, kisha yaachwe yaanguke yenyewe. Mikono ining'inie. Na utosi uende juu, kama kuna uzi umefungwa pale na mtu yuko darini anauvuta.

"Sasa pumua."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Ni mkao wa yoga, unaitwa mlima."

Mlingoti alishasikia habari za yoga. Kwa ufahamu wake ilikuwa ni watu wembamba waliojifunga miguu shingoni. "Mimi nilidhani mtanipinda," akasema.

"Umeshapindwa vya kutosha."

Alipumua. Kisha akaona kitu ambacho hakukitarajia: sehemu ya juu ya kabati la dawa. Kulikuwa na vumbi la kuandikika, mjusi aliyekauka, na kikombe cha chai kisicho na mkono.

"Kuna kikombe chako huku juu," akasema.

"Ala! Nimekitafuta hicho kikombe mpaka nikagombana na mfagiaji!"

Msichana akacheka. Mlingoti hakucheka. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Shingo, kwa mazoea, ilitaka kurudi ndani. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kinachopanda, nacho kilikuwa hasira. Hakujua bado amkasirikie nani. Alijua tu kwamba dunia ilikuwa na sehemu nzima ya juu ambayo ni haki yake kuiona, naye amepitisha miaka yote hiyo akihesabu vigae.

Akaanza kusimama.

Alisimama jikoni akingoja chai ichemke, mswaki ukiwa mdomoni bafuni, na kituoni wakati wenzake wamekimbilia benchi. Dukani, kwenye foleni, mtu wa nyuma alimgusa bega. "Dada, hatuoni mbele." Akamjibu bila kugeuka, "Mbele hakuna kitu, ni muuza duka tu."

Mwanzoni hakudumu. Mwili ni kama punda, hurudi zizini kwa njia ileile. Alikuwa akijikuta katikati ya shughuli amenywea tena, bega limeegemea mlango. Basi anaanza upya: nyayo, magoti, tumbo, mabega, utosi. Nyayo, magoti, tumbo. Hakumwambia mtu anafanya nini. Ila mtu akikaa nawe nyumba moja huhitaji kumwambia.

"Unamngoja nani?" Fundi alimwuliza asubuhi moja, akimkuta mbele ya jiko, wima.

"Simngoji mtu."

"Mbona umesimama hivyo?"

"Hivi ndivyo nilivyo."

Fundi akaitazama sufuria ya chai kama vile ndiyo yenye kosa, akatoka bila kunywa.

Kazini aliporudi, jambo la kwanza alilofanya ni kumfuata msimamizi na kumwomba meza iinuliwe.

"Meza hiyo haijabadilishwa tangu hoteli ifunguliwe," msimamizi akasema.

"Ndiyo maana naomba."

"Wote waliopita hapa wametumia meza hiyohiyo."

"Na migongo yao iko wapi sasa?"

Msimamizi hakuzoea kujibiwa na Mlingoti. Akacheka ili asionekane ameshindwa. "Tukikuinulia wewe meza, kesho Chiriku ataomba ngazi."

Kesho yake Mlingoti alifika na mfuko mzito. Ndani kulikuwa na vipande vinne vya mbao nene alivyochongewa na seremala wa mtaani, kila kimoja kimetobolewa shimo la kushika mguu wa meza. Akainua upande mmoja, Chiriku akasukuma mbao kwa mguu, wakahamia upande wa pili. Meza ikakaa imara. Mlingoti akashika pasi, akasimama mlima wake, akanyoosha shuka la kwanza. Lo! Kumbe kazi ileile ina raha hivi!

"Hongera," Chiriku akasema. "Sasa mimi nipige pasi kwa kidevu?"

Mlingoti akamtazama. Kweli, meza ilimfika Chiriku kifuani, na mikono yake ilipanda juu kama ya mtu aliyekamatwa. Mlingoti aliona haya. Alitaka haki yake, akaichukua na ya jirani. Hapo hapo akashusha meza, akaenda nyuma ya mapipa ya sabuni ambako kulikuwa na meza nyingine kuukuu iliyobebeshwa viango vilivyovunjika. Akaiondolea uchafu wote, akaiburuta hadi penye soketi ya umeme, akaivalisha mbao zake.

Asubuhi iliyofuata mbao hazikuwepo. Alizikuta kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya sabuni. Akazitoa, akazifuta kwa aproni, akazirudisha zilipokuwa. Siku nyingine zikatupwa tena, naye akazitoa tena. Mwishowe msimamizi akaja mwenyewe.

"Nani amekuruhusu kuhamisha vifaa vya hoteli?"

Siku zote, msimamizi alipomsemesha, Mlingoti aliinama ili amsikie vizuri, na mtu yule hakuwahi kulazimika kuinua uso. Leo hakuinama. Aliweka pasi pembeni, akapanga nyayo, akaachia mabega. Msimamizi akajikuta anakifokea kifungo cha pili cha aproni.

"Mbona unanisimamia hivyo? Unataka kunitisha?"

"Sikutishi, bosi. Nimesimama."

"Nitakupeleka kwa meneja!"

"Twende. Nitasimama hivi hivi mbele yake."

Mashine za kufulia zikaendelea kunguruma. Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakusema neno. Msimamizi aliangalia mbao, akaangalia mapipa, akaangalia saa ya ukutani, kisha akakumbuka ana kazi ghorofani. Kwa meneja hawakwenda. Tangu siku hiyo, alipokuwa na la kumwambia Mlingoti alimtuma Chiriku, na Chiriku akalifikisha na chumvi yake juu.

Habari haina miguu lakini hutembea. Ikamfikia shangazi, aliyekuwa mji mwingine, akapiga simu.

"Nasikia siku hizi umekuwa mlima."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mume?"

"Yupo."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Mimi nilikukunja kwa mapenzi, mwanangu."

"Najua, shangazi. Lakini mimi sikuwa samaki."

Sauti ya shangazi ikawa ndogo. "Na mgongo unaendeleaje?"

"Unauma kidogo bado."

"Ukandwe na maji ya moto," shangazi akasema, akakata.

Lakini hayo yote yalikuwa mepesi. Jambo zito lilikuwa ndani ya nyumba.

Jioni moja Fundi alirudi kutoka kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Alikuwa ameinuka kwenye kiti katikati ya kazi. Mtu mmoja mle ndani alikuwa amemwuliza, mbele ya watu, kama siku hizi akitaka kumbusu mkewe huazima ngazi ama anapanda meza.

"Wananicheka," akasema, akiwa bado mlangoni.

"Mimi wamenicheka tangu shuleni. Mbona sijafa?"

"Zamani haikuwa hivi. Kwani zamani ulikuwa unaumia?"

"Nilikuwa naumia."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Wanasema wewe ndiye uliyenioa!"

"Sikurefuka jana, mume wangu. Uliponiposa nilikuwa na urefu huu huu."

"Nilipokuposa ulikuwa umeinama!"

Lilikuwa neno la kweli, na neno la kweli likishatoka huwezi kuliambia rudi. Mlingoti alisikia goti lake la kushoto likianza kulegea kwa mazoea yake ya zamani, na bega likitafuta ukuta. Ukuta ulikuwa karibu. Ingekuwa rahisi sana. Angeegemea kidogo tu, angesema yaishe, na Fundi angekaa ale.

Hakuegemea.

"Basi ulimposa mwanamke aliyeinama," akasema, na sauti yake ilitetemeka lakini miguu haikutetemeka. "Huyo hayupo tena. Aliyebaki ni mimi. Ukinitaka, nipo. Usiponitaka, nipo pia."

Fundi akachukua kofia, akaifunika nusu ile ya kichwa, akaenda kukaa kwenye kibanda chake cha saa. Mlingoti akabaki jikoni, amesimama, mpaka maji yakakaukia sufuriani na harufu ya chuma ikajaa nyumba. Asidanganye mtu: aliogopa. Mume wake alikuwa mtu mwema na hakutaka kumpoteza. Ila kila alipojaribu kumfikiria yule mwanamke aliyeinama, ili ajue kama anaweza kumrudia, mgongo ulimjibu kabla ya moyo.

Wakaishi hivyo, salamu za kuhesabika, chakula cha kimya. Njiani Fundi alitangulia mbele kama mtu anayewahi basi.

Ikawa kaka mkubwa wa Fundi amerudi kutoka kazini mbali, na mama mkwe akataka picha ya familia nzima kabla hajaondoka tena. Wakakusanyika uani kwake, mbele ya dirisha lenye pazia jipya: wana, wakwe, mawifi, wajukuu. Mpiga picha alikuwa mwanamume wa kofia na haraka. Alipanga watoto chini, mama mkwe katikati kwenye kiti, wakubwa nyuma. Kisha akachungulia kwenye kamera, akakunja uso.

"Yule dada mrefu. Kunja magoti kidogo."

Mlingoti hakukunja.

"Dada. Wewe, wa mwisho kulia. Magoti."

"Sikunji, kaka."

Vichwa vyote vikageuka. Mama mkwe naye akageuka kwenye kiti chake, akatabasamu kwa ajili ya mpiga picha. "Kunja kidogo tu, mkwe wangu. Ni picha."

"Unisamehe, mama. Nimekunja miaka yote na hukuwahi kuniona. Leo sikunji."

"Basi akae chini na watoto," wifi mkubwa akasema.

"Watoto wamekaa kwa sababu ni watoto. Wakubwa wamesimama, na mimi ni mkubwa."

"Nikikuchukua hivyo, kichwa kitakatika," mpiga picha akalalamika.

"Rudi nyuma."

"Nyuma kuna banda la kuku!"

"Kuku watasogea."

Shemeji mkubwa akapasuka kicheko, kisha akakimeza alipoona macho ya mama yake. Wifi mkubwa, aliyependa mambo yaishe, akakimbia jikoni akarudi na kigoda, akakiweka chini kando ya Mlingoti na kumwita ndugu yake aliyekuwa upande wa pili kabisa wa mstari. "Njoo wewe, panda hapa, mlingane na mkeo, tumalize."

Fundi alitoka mahali pake. Alikuja mpaka penye kigoda, akakitazama kwa muda, jinsi anavyotazama saa iliyoletwa na mtu anayedai haina tatizo. Mlingoti alitazama mbele. Alikuwa ameshaamua kwamba akipanda, atamwacha apande.

Fundi aliinama, akakiokota kile kigoda, akavuka ua, akampa mpiga picha.

"Panda wewe," akamwambia. "Sisi tuko sawa."

Kisha akarudi, akasimama kando ya mkewe, kichwa begani pake, mikono imening'inia kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nyayo zote mbili?" akanong'ona bila kufungua midomo.

"Zote mbili."

"Na magoti?"

"Usiyakaze."

Mpiga picha akarudi nyuma, na nyuma, na nyuma tena, mpaka kuku wakaanza kupiga kelele na yeye akawa nusu ndani ya banda, kofia imejaa manyoya, anatukana chini kwa chini. Ndivyo picha ilivyopigwa.

Mambo hayakugeuka asali baada ya hapo. Siku za baridi mgongo ulimkumbusha deni lake. Fundi aliendelea kusikia maneno barabarani, na siku nyingine maneno yalimwingia akarudi nyumbani amevimba. Ila alihama kinyozi, na walipotoka pamoja alitembea chini, barabarani, sambamba na mkewe. Msimamizi wa hoteli hakuwahi kukubali kwamba meza ile ipo. Aliizunguka kana kwamba ni shimo.

Picha ilipotengenezwa, mama mkwe aliitia kwenye fremu. Mlingoti na mumewe walipokwenda kumjulia hali, hawakuiona sebuleni. Ilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa choo, imetundikwa chini sana, kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame aione.

"Mbona hapa, mama?" Fundi akauliza.

"Mkeo ameniziba dirisha lote," mama mkwe akasema. "Pazia jipya halionekani hata kidogo."

Mlingoti hakubishana. Aliomba nyundo. Alipopewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kumnyima, akang'oa msumari, akaenda sebuleni, akasimama katikati ya ukuta ulio wazi, nyayo mbili sakafuni, utosi juu, akatazama mbele bila kuinamisha wala kuinua macho. Pale macho yalipogusa ukuta ndipo alipogongelea msumari. Akaitundika picha, akaisawazisha kwa kidole.

Mama mkwe alikuja na fimbo yake, akainua kichwa, akakunja uso.

"Sasa huko juu mimi nitaionaje?"

"Nyoosha shingo, mama."

Mama mkwe akasonya sonyo refu lililosikika mpaka jikoni. "Utaiteremsha kabla hujaondoka," akasema, akaenda kuangalia chai.

Hakuiteremsha.